Fuata Njia ya Neno la Siri: Kuchagua Mfumo wa Pamoja wa Kuingia kwenye Mtandao wa Kompyuta

Mfanyakazi ameacha kazi Ijumaa. Jumatatu msimamizi wa mtandao anafunga akaunti yake kwenye seva ya barua pepe, kwenye seva ya mafaili na kwenye mfumo wa mahesabu. Anasahau seva ya majaribio iliyowekwa miaka mitatu nyuma, ambayo nayo ina akaunti ya mtu yule yule, yenye neno la siri lile lile. Mlango huo unabaki wazi mpaka siku mtu atakapoukumbuka, na anayeukumbuka kwanza si lazima awe msimamizi.

Haja ya mfumo wa pamoja wa kuingia inaanzia hapo: mtu mmoja awe na akaunti moja, ikifunguliwa ifunguke kote, ikifungwa ifungwe kote. Faida hiyo ina bei yake. Akaunti zikiwa zimetawanyika kwenye seva 30, anayeteka seva moja anapata seva moja. Zikikusanywa mahali pamoja, uamuzi mmoja mbaya unaweza kumpa zote 30 kwa mkupuo. Ndiyo maana uchaguzi huu haupaswi kufanywa kwa kuangalia bei na uzuri wa skrini peke yake.

Kazi tatu zinazochanganywa

Anayeanza kutafuta hukutana na majina mengi kwa wakati mmoja: NIS, LDAP, Kerberos, Active Directory, FreeIPA, RADIUS, SAML, OpenID Connect. Huwa yanapangwa kwenye jedwali moja kana kwamba ni bidhaa zinazoshindana. Hayashindani yote, kwa sababu hayafanyi kazi moja.

Kazi ya kwanza ni saraka, yaani kutunza habari za watu na mashine: jina la akaunti, namba yake, makundi aliyomo mtu, folda yake iko wapi. Kazi ya pili ni uthibitishaji, yaani kuhakikisha kwamba anayesema yeye ni fulani ndiye kweli. Ya tatu ni ruhusa: akishajulikana, aruhusiwe kugusa nini. LDAP ni itifaki (kanuni za mashine kuzungumza) ya saraka. Kerberos ni itifaki ya uthibitishaji, haijui wala haitaki kujua folda ya mtu iko wapi. Active Directory na FreeIPA ni vifurushi vyenye zote mbili ndani yake, pamoja na vitu vingine. Kwa hiyo mtu akiuliza, "Nitumie LDAP au Kerberos?", jibu la kweli mara nyingi ni: zote mbili, kila moja kwa kazi yake.

Baada ya kutenganisha kazi hizo, kuna swali moja linalochuja mifumo kuliko mengine yote: neno la siri la mtumiaji linapita wapi, na nani analiona njiani? Ukilifuata toka vidole vinapoliandika hadi linapokaguliwa, utajua pia kompyuta moja ikitekwa leo mdukuzi ataondoka na nini.

NIS: kila mtu anaiona orodha

Tuanze na mkongwe. NIS ilitoka kwa kampuni ya Sun Microsystems miaka ya 1980, enzi ambapo mtandao wa ofisi ulikuwa wa watu wachache wanaoaminiana. Seva moja inatunza mafaili ya akaunti ya Unix, kompyuta nyingine zinayaomba. Kuiweka si kazi ngumu, na urahisi huo umeifanya idumu kwa miongo kadhaa mahali ambapo ilipaswa kuondolewa zamani.

Kaa kwenye kompyuta yoyote iliyounganishwa na NIS ya mtindo ule wa zamani, uandike amri `ypcat passwd`. Orodha inashuka kwenye skrini, mstari mmoja kwa kila mtu: jina la akaunti, nukta mbili, mfululizo wa herufi 13 zisizosomeka, nukta mbili tena, kisha namba ya mtumiaji. Herufi hizo 13 ni hashi ya neno la siri. Huwezi kuigeuza irudi kuwa neno lenyewe, lakini unaweza kukisia: chukua neno, lipitishe kwenye kanuni ile ile, linganisha. Kanuni ile ya zamani inahesabu herufi nane za mwanzo tu za neno la siri, zinazobaki inazitupa. Mdukuzi hana haja ya kurudi tena kwenye seva. Anaondoka na orodha, anakisia nyumbani kwake kwa kasi ambayo kompyuta za leo zinaimudu bila jasho, na hakuna kumbukumbu yoyote kwenye mtandao wako itakayoonyesha kwamba kuna mtu anajaribu.

Kuna zaidi. Kompyuta ya mtumiaji inaweza kutafuta seva ya NIS kwa kupaza sauti mtandaoni na kumkubali yeyote anayejibu, bila kumtaka athibitishe yeye ni nani. Anayejibu haraka kuliko seva halali anaweza kuleta orodha yake mwenyewe ya akaunti. Sun walijaribu kurekebisha kwa NIS+ mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikawa nzito kuiendesha, ikaachwa. Kama NIS bado ipo kwenye mtandao wako, usipoteze muda kuiongezea viraka, panga kuiondoa.

LDAP: saraka nzuri, mlinzi wa mlangoni asiyefaa

LDAP ilizaliwa Chuo Kikuu cha Michigan mwanzoni mwa miaka ya 1990 kama njia nyepesi ya kufikia saraka za X.500, ambazo zilikuwa mzigo kwa kompyuta za kawaida. Toleo la tatu, linalotumika hadi leo, lilitoka mwaka 1997. Kwa kazi ya saraka ni hodari: inatafuta haraka, inajinakili kwenye seva nyingi, na karibu kila programu ya ofisini inaielewa.

Matatizo yanaanza inapogeuzwa kuwa kituo cha kukagua maneno ya siri. Utaratibu wa kawaida ni huu: mtumiaji anaandika jina na neno la siri kwenye ukurasa wa programu fulani, programu inavipokea, inakwenda kwenye seva ya LDAP na kujaribu kujiunga kwa jina hilo na neno hilo, seva ikikubali, mtu ameingia. Katika kujiunga kwa namna hiyo ya kawaida, neno la siri linasafiri kama lilivyo. Bila TLS (usimbaji wa mawasiliano), yeyote anayesikiliza mtandao analisoma herufi kwa herufi. Basi jambo la kwanza ni kulazimisha usimbaji, ama kupitia StartTLS kwenye mlango namba 389 au TLS ya moja kwa moja kwenye mlango namba 636, na kuhakikisha kila programu inakagua cheti cha seva, yaani waraka unaothibitisha kwamba seva ndiyo yenyewe. Nasisitiza hilo la pili kwa sababu mipangilio ya programu nyingi ina kitufe cha kupuuza cheti, na fundi aliyechoka hukibonyeza ili mambo yaende. Muunganisho uliosimbwa na seva usiyoijua haukulindi na chochote.

Lakini hata TLS ikiwekwa sawasawa, rudi kwenye swali letu. Nani ameliona neno la siri? Programu yenyewe. Mfumo wa likizo, mfumo wa tiketi za matengenezo, ukurasa wa nyaraka za ndani, kila mmoja unalipokea likiwa wazi kabla ya kulipeleka kwa LDAP. Mdukuzi akiingia kwenye ule dhaifu kuliko yote, haibi chochote kwa wakati huo. Anaongeza mstari mmoja kwenye msimbo wa ukurasa wa kuingia, unaoandika kila jina na kila neno la siri kwenye faili lililofichwa, kisha anasubiri. Wahasibu wanaingia kuomba likizo. Msimamizi naye anaingia. Baada ya wiki mbili faili lina funguo za nyumba nzima, na maneno hayo ni yale yale yanayofungua barua pepe na seva za fedha.

Kuna kasoro nyingine ambayo wengi hawajawahi kuisikia, na inastahili kujaribiwa leo hii. Itifaki ya LDAP inaruhusu kitu kinachofanana na kujiunga kwa jina halali bila neno la siri. Baadhi ya seva hujibu "sawa" kwa ombi hilo, zikimaanisha kwamba zimemchukulia huyo kama mgeni asiyejulikana. Programu iliyoandikwa kwa haraka inasoma "sawa" hiyo na kumfungulia mlango kama mwenye jina. Waraka wa viwango vya intaneti RFC 4513, wa mwaka 2006, umeonya juu ya hatari hii waziwazi na kutaka seva zikatae ombi hilo isipokuwa msimamizi ameruhusu. Jaribu mwenyewe: kwenye kila programu iliyounganishwa na LDAP, andika jina lako, acha nafasi ya neno la siri wazi, bonyeza kuingia. Ukiingia, acha kusoma makala hii ukarekebishe kwanza.

Kerberos: neno la siri halitoki kwenye kompyuta yako

Mwaka 1983 chuo cha MIT, kwa kushirikiana na kampuni za DEC na IBM, kilianza Mradi wa Athena ili kutawanya kompyuta kwa wanafunzi chuo kizima. Waliojenga mradi huo walichukulia tangu mwanzo kwamba waya za mtandao zinasikilizwa na kwamba kompyuta za watumiaji si za kuaminika. Kutokana na wazo hilo ikatoka Kerberos, iliyojengwa juu ya kazi ya Roger Needham na Michael Schroeder ya mwaka 1978. Toleo la tano liliandikwa rasmi mwaka 1993, na maelezo yake yakaboreshwa mwaka 2005. Ni la zamani, ndiyo, na bado ndilo moyo wa mitandao mingi ya ofisi duniani.

Tufuate neno la siri. Unaliandika kwenye kompyuta yako. Kompyuta inalikokotoa hadi kupata ufunguo. Seva ya Kerberos nayo inao ufunguo huo huo kwenye hifadhi yake. Kompyuta yako inachukua saa ya wakati huo, inaisimba kwa ufunguo, inaituma. Seva inaifungua. Ikikuta saa inayoeleweka, inajua kwamba aliyeituma anao ufunguo, na hakuna neno la siri lililosafiri. Inakurudishia tiketi kuu, ambayo imesimbwa kwa ufunguo wa seva yenyewe hivyo hata wewe huwezi kuisoma, pamoja na ufunguo wa muda uliosimbwa kwa ufunguo wako. Kuanzia hapo kompyuta yako haihitaji tena neno la siri.

Sasa unataka seva ya mafaili. Kompyuta inaonyesha tiketi kuu, inaomba tiketi ya seva hiyo, inapewa. Tiketi hiyo imesimbwa kwa ufunguo ambao seva ya mafaili peke yake inao, ukiacha seva ya Kerberos. Seva ya mafaili inaifungua, inakuta jina lako na muda wa kuisha, inakuhudumia. Haikuliona neno lako la siri na haiwezi kuliona. Mdukuzi aliyeiteka seva hiyo na kuongeza mstari wake kwenye msimbo wa kuingia atasubiri bure. Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya Kerberos na ule utaratibu wa LDAP, na kwangu mimi inatosha kuamua mjadala kwa mtandao wowote wenye seva zaidi ya chache.

Masharti yake hayana huruma. Saa za mashine zote zinapaswa kukubaliana. Kwa kawaida zikipishana zaidi ya dakika tano tiketi zinakataliwa, na mtumiaji ataona ujumbe usiomwambia kwamba kosa ni la saa. Majina ya mashine lazima yatafsirike vizuri kwenye DNS, mfumo unaogeuza majina kuwa anwani. Wanaosema Kerberos ni ngumu, mara nyingi ukichunguza utakuta DNS yao ina makosa au saa zao hazifuati chanzo kimoja. Rekebisha hayo mawili kabla ya kuanza, na nusu ya malalamiko hayatatokea.

Nayo ina mahali inapovuja. Neno la siri dhaifu hutoa ufunguo dhaifu. Mwaka 2014 Tim Medin alionyesha kwamba ndani ya domeni ya Windows (kundi la kompyuta zinazosimamiwa pamoja) mtumiaji yeyote wa kawaida anaweza kuomba tiketi ya akaunti ya huduma, kwa mfano ile inayoendesha hifadhidata, kisha akaketi na tiketi hiyo kukisia neno la siri la huduma bila kumgusa mtu. Akaunti za huduma ndizo zenye maneno ya siri yaliyowekwa mwaka wa kwanza na kusahaulika, na mara nyingi zina mamlaka makubwa. Dawa inajulikana: maneno marefu yanayotengenezwa na mashine na kubadilishwa na mashine, na kuzima usimbaji wa zamani wa RC4 ili ubaki ule imara wa AES.

Kifurushi kipi, basi?

Unaweza kusimika OpenLDAP na Kerberos kwa mikono yako, ukaziunganisha, ukaweka mamlaka ya vyeti pembeni. Ni somo zuri sana. Kwa mtandao unaotegemewa na watu wengine siishauri, isipokuwa kuna zaidi ya mtu mmoja anayeelewa ulichojenga. Siku ukiwa mgonjwa, hakuna atakayejua kwa nini watu hawaingii.

Kama kompyuta nyingi ni za Windows, Active Directory ndiyo njia yenye mteremko. Microsoft waliileta pamoja na Windows 2000, na chini yake kuna LDAP kwa saraka, Kerberos kwa uthibitishaji na DNS kwa majina. Samba nayo, tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012, inaweza kufanya kazi ya seva ya domeni hiyo kwa programu huria. La kuangalia ni NTLM, utaratibu wa zamani uliobaki ndani kwa ajili ya programu zisizojua Kerberos. Kwenye NTLM hashi ya neno la siri inatosha yenyewe kuingilia, hivyo anayeiba hashi kwenye kumbukumbu ya kompyuta moja hana haja ya kukisia chochote. Microsoft walitangaza mwaka 2024 kwamba wameacha kuiendeleza. Anza kuchunguza ni nani bado anaitumia, kisha uizime hatua kwa hatua.

Kama mashine nyingi ni za Linux, FreeIPA inastahili kuangaliwa kwanza. Inaunganisha seva ya saraka ya 389, Kerberos ya MIT, mamlaka ya vyeti na DNS, na kuviendesha vyote kwa amri za aina moja na ukurasa mmoja wa kivinjari. Kanuni za nani aingie kwenye seva gani, na nani atumie sudo (amri ya kupata mamlaka ya msimamizi), zinakaa humo humo. Mtandao wenye pande zote mbili unaweza kuacha Active Directory itunze watu na FreeIPA itunze mashine za Linux, zikiaminiana. Au, kama seva za Linux ni chache, ziunganishe moja kwa moja na Active Directory kupitia SSSD, programu inayoiunganisha Linux na saraka, na usiongeze mfumo wa pili wa kulea.

Na kama una mashine tano na watu watatu? Huenda hauhitaji chochote cha haya. Funguo za SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) zinazosambazwa na programu ya kusimamia mipangilio kama Ansible, kutoka kwenye orodha moja iliyotunzwa vizuri, zitakulinda kuliko seva ya domeni isiyo na mlezi.

Programu za kivinjari

Ofisi nyingi leo kazi yake karibu yote iko kwenye kivinjari, na Kerberos haikuzaliwa kwa ajili ya intaneti ya wazi. Huko kuna itifaki mbili, SAML 2.0 ya mwaka 2005 na OpenID Connect ya mwaka 2014. Ukifuata neno la siri utaona wazo ni lile lile: unaliandika kwenye ukurasa mmoja tu wa kuingia, na programu nyingine zote zinapokea waraka uliotiwa saini unaosema wewe ni nani. Programu huria kama Keycloak inaweza kukaa mbele ya saraka uliyonayo na kufanya kazi hiyo, au unaweza kulipia huduma ya wingu. Ule mfumo wa likizo tuliouzungumzia unapaswa kuhamia hapa, ili usiguse tena neno la siri la mtu yeyote.

Hapa ndipo pia pa kuliondoa neno la siri lenyewe. WebAuthn, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Machi 2019, inampa mtumiaji ufunguo wa siri unaobaki kwenye kifaa chake; seva inatunza ufunguo wa wazi tu, ambao ukiibwa haumsaidii mwizi. Kifaa kinatia saini kwa ajili ya anwani halisi ya tovuti, kwa hiyo ukurasa bandia unaofanana na wa kweli hadi rangi unaambulia patupu. Namba za tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30 ni bora kuliko kutokuwa na chochote, lakini ukurasa bandia unaweza kuziomba na kuzitumia papo hapo. Wasimamizi wa mtandao wawe wa kwanza kupewa funguo hizi, kabla ya wakurugenzi.

Wi-Fi, VPN na swichi kwa kawaida zinazungumza RADIUS, itifaki ya mwaka 1991 inayotegemea MD5, kanuni ya zamani ya hashi. Julai 2024 watafiti walionyesha, katika shambulio waliloliita Blast-RADIUS, kwamba aliye katikati ya njia anaweza kugeuza jibu la "kataa" kuwa "kubali". Weka masasisho, lazimisha sifa ya Message-Authenticator inayothibitisha kwamba ujumbe haujabadilishwa, pitisha RADIUS ndani ya TLS inapowezekana, na kwa Wi-Fi tumia EAP-TLS yenye vyeti.

Seva iliyobeba kila kitu

Chochote utakachochagua, sasa ipo mashine moja ambayo ikitekwa, mtandao wote umetekwa. Kwenye Active Directory kuna akaunti iitwayo krbtgt, ambayo ufunguo wake ndio unaosimba tiketi kuu zote. Anayeupata anajitengenezea tiketi ya mtu yeyote, yenye mamlaka yoyote. Kubadilisha maneno ya siri ya wafanyakazi wote hakumtoi. Kinachomtoa ni kubadilisha la krbtgt mara mbili, kwa sababu mfumo unakumbuka na lile lililotangulia, na kufanya hivyo baada ya kuhakikisha hana tena njia ya kulisoma jipya.

Agosti 2020 Microsoft walitoa kiraka cha kasoro iliyokuja kujulikana kama Zerologon. Kwa sababu ya usimbaji uliotumiwa vibaya kwenye itifaki ya Netlogon, aliyetuma sifuri tupu alikuwa na nafasi moja kati ya 256 ya kukubaliwa kama seva ya domeni kila alipojaribu, na alikuwa huru kujaribu tena na tena. Sekunde chache zilitosha. Mitandao iliyosalimika ni ile iliyowahi kuweka kiraka, na ile ambayo seva zake za domeni hazikuweza kufikiwa na kila kompyuta ya mapokezi.

Kwa hiyo seva hii isifanye kazi nyingine yoyote: isiwe ya mafaili, isiwe ya kuchapisha. Wasimamizi waiingie kutoka kwenye kompyuta ambazo hazifungui barua pepe, kwa akaunti ambazo hazitumiki kwa kazi nyingine. Nakala zake rudufu ni nakala za funguo za mtandao mzima. Nimeona watu wakiifunga seva kwa kila kufuli, kisha nakala yake ikakaa kwenye folda ya pamoja inayosomwa na kila mtu.

Hofu ya upande wa pili ni seva hii kuzimika. Weka mbili au zaidi, sehemu tofauti. Ruhusu SSSD au Windows ikumbuke uthibitisho wa karibuni ili kompyuta mpakato iendelee kufunguka ikiwa nje ya ofisi. Chunguza pia mizunguko ya utegemezi: kama jukwaa la mashine pepe linataka uingie kwa akaunti ya domeni, na seva za domeni zenyewe ni mashine pepe juu ya jukwaa hilo, umeme ukikatika hakuna atakayeingia kuziwasha. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilitoweka kwenye intaneti kwa karibu saa sita, na kampuni yenyewe ilieleza kwamba hitilafu hiyo iliangusha pia zana za ndani ambazo wahandisi wangezitumia kuitengeneza. Weka akaunti ya dharura ya ndani kwenye mashine za msingi, neno lake la siri liwe kwenye bahasha iliyofungwa, na kila inapotumika taarifa iende kwa zaidi ya mtu mmoja.

Kumfungia mtu, na kuhamia mfumo mpya

Rudi kwa yule aliyeacha kazi. Ukizima akaunti yake, tiketi alizonazo bado zinaishi mpaka muda wake uishe, ambao kwa kawaida kwenye Windows ni saa 10. Vikao vya SSH vilivyo wazi vinaendelea. Tokeni za kivinjari (vibali vya kuingia vilivyokwisha kutolewa) zinaendelea. Na kama aliacha ufunguo wake wa SSH kwenye seva ambayo haijaambiwa kukagua hali ya akaunti kabla ya kufungua, anaweza kuingia hata kesho. Kabla ya kununua au kusimika chochote, tengeneza akaunti ya majaribio, ingia nayo kila mahali, izime, kisha uhesabu inachukua muda gani mpaka mlango wa mwisho ufungwe. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya jaribio hilo, mwache.

Kuhama kutoka NIS au LDAP kwenda Kerberos kuna kizuizi kimoja kinachowashangaza wengi: hashi za zamani haziwezi kugeuzwa kuwa funguo za Kerberos, kwa sababu funguo hizo zinakokotolewa kutoka neno lenyewe la siri. FreeIPA ina hali ya uhamisho kwa ajili ya hili. Unaingiza akaunti pamoja na hashi zake. Mtumiaji anapoingia mara ya kwanza kupitia SSSD au ukurasa maalumu, neno lake linakaguliwa dhidi ya hashi ya zamani, na hapo hapo ufunguo mpya unatengenezwa. Wape watu majuma kadhaa. Ambao hawajaingia mpaka tarehe uliyotangaza, wape maneno mapya, na ujiulize kama akaunti hizo bado zina wenyewe. Kisha fungua kumbukumbu za seva ya zamani uone ni nani bado anaiuliza. Kutakuwa na printa, kutakuwa na hati ya amri inayojiendesha usiku, iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Zihamishe moja moja, ukate mtandao wa seva hiyo kwa siku chache huku ikiwa bado imewashwa, na simu zisipolia, futa diski zake na nakala zake zote, kwa sababu hashi zilizomo ni za watu wengi ambao bado wanatumia maneno yale yale.